Kati ya Kipimo na Kipimo

Mlango wa chumba changu haukuwa na kitasa upande wa ndani. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia umelazwa chumba cha peke yako wanadhani ni raha. Raha gani! Upande wa nje kulikuwa na kitasa, komeo na kioo kidogo cha kuchungulia. Upande wangu kulikuwa na bati lililopakwa rangi ya kijivu, na matundu manne ya skrubu mahali kitasa kilipowahi kukaa. Mlango wenyewe ulifungukia nje, ukumbini. Nikitaka ufunguliwe, nigonge. Nikitaka ufungwe, vilevile awepo mtu nje wa kuusukuma. Kwa hiyo hata kujibamizia mlango kwa hasira, jambo ambalo nyumbani mimi ni bingwa wake, nilikuwa nimenyimwa.

Nilikuwa mle kwa ajili ya homa. Si homa ya kuniua mimi. Mtu mzima alikuwa anaibeba kama mafua mabaya: kichwa, viungo, uchovu, basi. Lakini watoto wachanga ilikuwa inawachukua, na mimi nyumbani nilikuwa na binti wa miezi mitano. Tulimwita Bosi, maana tangu azaliwe nyumba nzima ilikuwa inafanya kazi chini yake na hakuna aliyewahi kupewa likizo. Likizo nilipewa mimi peke yangu, ya lazima, nikamwacha mikononi mwa mume wangu, mama mkwe na chupa.

Sharti la kutoka lilikuwa moja. Daktari alilisema akiwa amesimama kizingitini, barakoa imempanda mpaka chini ya macho.

"Siku saba mfululizo bila homa, Mama Bosi, unarudi kwako. Ikipanda hata mara moja, tunaanza kuhesabu upya."

Nikasema moyoni, siku saba ni kitu gani, hizo nitazimaliza nikiwa nimelala. Kumbe!

Mara ya kwanza nilifika siku ya sita. Nguo nimeshazikunja, viatu nimevipanga karibu na mlango kama mtoto anayengoja kupelekwa matembezi. Asubuhi Sista akaja na kipimajoto, kikalia, akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Pole, mdogo wangu." Nikakunjua nguo. Homa ikakaa siku kadhaa, ikatoweka, nikaanza kuhesabu. Mara ya pili ikanirudia tena siku ya sita, safari hii jioni. "Pole, mdogo wangu." Mara ya tatu sikukunja nguo kabisa, nikidhani huenda ndizo zinaniletea nuksi. Asubuhi ya siku ya sita ikapanda vilevile, na mimi nikamrushia Sista kikombe cha plastiki. Hakikumpata. Alikiokota, akakisuuza, akakirudisha mezani, na hakuwahi kunikumbusha.

Sista alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye kutembea taratibu na kucheka haraka. Alikuwa anakuja saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, wala hakosei. Vipimajoto alikuwa navyo viwili. Kimoja kipya, cha kulia, alikiita Kijana. Cha pili kilikuwa cha zamani, namba zake zimefifia, na hicho alikiita Bibi.

"Bibi ana huruma sana," aliniambia siku moja. "Hapendi kumpa mtu habari mbaya. Anapunguza karibu nusu nyuzi."

"Sasa kwa nini mnakitumia?"

"Betri za Kijana zinaisha kila siku, mwenzangu. Utanunua wewe?"

Wagonjwa hatukuachiwa kipimajoto chumbani hata dakika moja. Inasemekana kuna bwana mmoja alikuwa anakichovya kwenye chai ili asirudishwe kwa mkewe, na kwa ajili yake sote tukaonekana matapeli.

Chumba kilikuwa hatua chache kwenda na chache kurudi. Dirisha lilipigiliwa misumari, likitazama ukuta wa stoo. Juu kulikuwa na bati bila dari ya maana, na ikifika mchana palikuwa hapakaliki. Nalala natoka jasho, nikiamka shuka limelowa. Chakula kilipitishwa kwenye kidirisha cha chini, kwa hiyo ili nile ilibidi niiname kila mara. Nilianza kuuchukia ule ukuta wa stoo kama mtu niliyegombana naye.

Mume wangu alikuwa akija saa tisa alasiri, muda wa wageni, anasimama nje ya kioo na Bosi begani. Wiki ya kwanza Bosi alikuwa akiniona anakipiga kioo kwa viganja vyote viwili na kulia mpaka anakwama. Nilikuwa narudi kitandani nimevunjika. Baadaye akaacha kulia, na hapo ndipo nilipojua kwamba kilio kile kilikuwa zawadi. Siku hizo akiletwa alikuwa anachezea kitufe cha shati la baba yake. Nikigonga kioo ananitazama kidogo, kwa adabu, kama anavyomtazama mtu wa dukani, kisha anarudi kwenye kitufe chake. Maziwa yalikuwa yamenikauka. Hilo sikumwambia mtu.

Chumba cha pili alikuwepo Fundi. Fundi cherehani, mzee mwenye sauti nzito, na sikuwahi kuiona sura yake. Tuliongea kupitia ukuta kwa kupiga kelele, na tukichoka tuligongeana. Alikuwa na mjukuu mchanga nyumbani, ndiyo maana na yeye alifungiwa. Wiki moja kabla ya haya ninayoyasimulia, alimaliza siku zake saba.

"Mama Bosi, mimi huyo!" aliniita kutoka ukumbini. "Nakwenda kumwona mjukuu wangu. Nguo ya kwanza ya Bosi ya kwendea shule nitaishona mimi, bure!"

Nilimshangilia mpaka sauti ikakatika. Kisha nikageukia ukuta wa stoo nikalia kwa wivu, niseme kweli. Yeye saba, mimi kila mara sita. Kwa nini?

Na hilo *kwa nini* ndilo lililoniamsha, kwa sababu kujibu maswali ya namna hiyo ndiko kunakonilisha. Nafanya kazi shirika la umeme, kitengo cha makadirio. Mji unatumia umeme kwa mawimbi: jioni watu wanapika, wanapiga pasi, wanawasha televisheni, matumizi yanapanda; wakilala yanashuka; kesho yanapanda tena. Mita hazisemi ukweli mtupu, nyingine zinazidisha na nyingine zinapunguza. Sisi tunachukua nukta zote, kila moja na kosa lake, tunatafuta wimbi linalopita kati yake bila kumwonea yeyote. Mita mbovu hatuitupi. Tunaisikiliza, ila kwa sikio moja.

Karatasi ya vipimo vyangu ilining'inia miguuni pa kitanda. Nikapasua boksi la tishu, nikaligeuza ndani nje, nikaomba kalamu. Nikaweka nukta: za Kijana nikazichora na kamstari kafupi juu na chini, maana kosa lake ni dogo, za Bibi nikazipandisha kidogo na kuzipa kamstari karefu. Nilipomaliza nikaona kile ambacho kila mtu alishakiona. Homa inapanda siku kadhaa, inakaa chini karibu wiki, inapanda tena. Daktari alisema ni kurudi kwa ugonjwa. Mimi nilisema ni uonevu.

Lakini kitu kimoja kilinikera. Mara ya kwanza ilinirudia asubuhi. Ya pili jioni. Ya tatu asubuhi. Homa gani hiyo inayopokezana zamu?

Nikamkumbuka msoma mita mmoja tuliyekuwa naye kazini. Alikuwa akipita mtaa wa viwanda kila Jumapili, kwa sababu siku hiyo barabara haina foleni. Mwisho wa mwezi akaandika kwamba viwanda vyote vimefungwa. Tulimcheka mwaka mzima. Na mimi je? Mimi napimwa saa moja na saa moja. Kati ya hizo saa moja mbili kuna nini? Hakuna anayejua. Nilikuwa nimeunganisha nukta zangu kwa mstari ulionyooka kama vile nilikuwepo.

Nikajaribu wimbi lingine. Nikasema, tuseme homa haijawahi kuondoka. Inakuja kila siku, inakaa saa kadhaa, inakwenda zake. Ila kila siku inachelewa kidogo, chini ya saa moja, kama mfanyakazi aliyegundua kwamba mkubwa wake si mkali. Ikifika kwenye saa moja ya jioni, Sista anaikamata siku kadhaa. Ikichelewa zaidi inaangukia usiku wa manane, nimelala, hapimi mtu, tunasema nimepona. Inazidi kuchelewa, inafika asubuhi, Sista anaikamata tena. Inapita, inaangukia mchana, wakati mimi nalowa jasho na kulaumu bati.

Nukta zikakaa kwenye wimbi lile moja moja, za Kijana na za Bibi, kama abiria wanaojua viti vyao. Ofisini ningeruka. Mle ndani niliiweka kalamu chini.

Wakati nachora vile nilikuwa siku ya tano ya hesabu mpya, safi kabisa, bila homa. Na wimbi lilikuwa linaniambia kwamba homa iko hapahapa chumbani, mchana, inapita kati ya kipimo na kipimo.

Basi nikaanza kujitetea. Nani kasema wimbi linaendelea milele? Labda lilikuwepo, likafa. Siku hizi tano ni tambarare, na mtu aliyepona naye anakuwa tambarare. Nikaongeza makosa ya vipimo kidogo, nikampa Bibi heshima zaidi ya anayostahili, nikapitisha mstari ulionyooka katikati ya nukta za mwisho. Ukapita vizuri tu. Vijana wa mafunzo ofisini nilikuwa nawafokea kwa jambo hilohilo, kuchora jibu kwanza halafu kuzitafutia nukta mahali. Nikalikunja boksi la tishu nikalificha chini ya godoro, nikalala juu yake.

Siku ya sita asubuhi, safi. Siku ya sita jioni, safi. Nikaanza kukunja nguo.

Siku ya saba jioni Sista aliingia akitabasamu, akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, akaguna. "Kijana kazimika tena." Akatoa Bibi. Nilikaa nacho kwapani macho nimeyafumba. Kikomo kilikuwa nyuzi thelathini na saba na nusu. Bibi akasema thelathini na saba nukta nne.

"Haya!" Sista akapiga kofi. "Mama Bosi umetoka! Kesho saa tisa mwenzako akija, unaondoka naye."

Alijua Bibi anapunguza. Mimi pia nilijua. Tukatazamana, na kila mmoja akamwachia mwenzake aseme, na hakusema mtu. Alikuwa ananipenda, masikini, na alikuwa amechoka kuniambia pole. Mume wangu nilipompigia simu alipiga ukelele mpaka mama mkwe akaja mbio akidhani kuna msiba. Nyuma yao nikamsikia Bosi akicheka na hewa. Nikajiambia kosa la Bibi lina upana. Huenda leo kapunguza kidogo tu.

Asubuhi yake nikasikia chumba cha pili kinafunguliwa. Kitanda kikaburutwa, mtu akakohoa, mlango ukafungwa, komeo likapita. Nikagonga ukuta. Nikagonga tena.

"Nipo," ikajibu ile sauti nzito, lakini haikuwa nzito tena.

"Fundi? Wewe? Umerudi kufanya nini?"

"Homa, mwanangu. Wanasema nimeipata upya huko nyumbani." Akakohoa. "Mjukuu wangu yuko wodi ya watoto. Wamemwekea mpira puani. Nilimbeba siku zote hizo, nilikuwa simpi mtu. Sasa najiuliza, huko nyumbani nimeipata kwa nani, na hakuna aliyekuwa anaumwa?"

Yeye pia alikuwa akipimwa saa moja na saa moja. Nikalivuta boksi la tishu chini ya godoro, nikalikunjua magotini. Nikafuata wimbi kwa kidole kutoka nukta ya mwisho ya Kijana mpaka leo. Asubuhi chini. Saa sita linapanda. Saa tisa alasiri, muda wa kukabidhiwa mtoto wangu, liko karibu na kilele.

Sikuwa na hesabu ya kufanya tena. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile. Laiti ningekuwa mpishi! Ningekuwa nimeshavaa viatu.

Saa tisa komeo likapita na mlango ukafunguliwa wazi kabisa, bila kioo, bila barakoa ya Daktari. Sista alisimama na karatasi ya ruhusa. Nyuma yake, mbali kidogo ukumbini, mume wangu kavaa shati jipya, na Bosi begani na kitufe chake kipya.

"Haya, toka basi!" mume wangu akaita, anacheka. "Au umepazoea?"

Nilikuwa na mfuko mkononi. Mgongo ulikuwa umelowa. Nani asingelowa, chini ya bati lile?

"Sista," nikasema. "Kijana ana betri?"

"Nimeziweka leo. Kwani vipi?"

"Nipime."

Akacheka. "Acha utani, mwenzio anangoja. Muda wa kupima bado."

"Ndiyo maana nataka unipime."

Cheko likamwisha. Aliingia, akanipa kipimajoto, nikakibana kwapani nikiwa nimesimama, mfuko bado mkononi. Maisha yangu yote nimekuwa nikitaka hesabu zangu zitoke sawa. Dakika ile niliomba kwa Mungu ziwe takataka, boksi la tishu lililoharibiwa na mwanamke mwenye kichwa kigumu.

Kijana akalia. Thelathini na nane nukta sita.

Sista alikisoma. Kisha akasema taratibu, huku kaupa ukumbi mgongo, "Mama Bosi. Hiki si kipimo cha ratiba. Karatasi haina mahali pa kukiandika. Daktari ameshasaini."

"Kuna nini?" mume wangu akauliza. Akasogea. "Si ameruhusiwa?"

"Usije!" nikapiga kelele. "Simama hapohapo! Usimlete!"

Akasimama. Nikamweleza kwa haraka, vibaya, maneno yanagongana: homa haijatoka, inapita mchana, Fundi, mjukuu, mpira puani. Alikuwa anatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Lakini Sista amesema karatasi imeshasainiwa. Sasa nani alikutuma upime? Ungenyamaza tu! Mke wangu, mtoto huyu hakujui tena. Unanisikia? Anamwita mama yangu kwa kilio alichokuwa akikuitia wewe."

Aliposema vile alikuwa analia, na hakuwa mtu wa kulia. Na Bosi, ambaye alikuwa hajawahi kumwona baba yake hivyo, akakiacha kitufe. Akageuka kutafuta ni nani aliyefanya jambo hilo. Akaniona. Hapakuwa na kioo kati yetu safari hii, na sauti yangu alikuwa ameisikia nzima. Uso ukamkunjamana, akainama kutoka begani, akaninyooshea mikono yote miwili.

Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeingoja mikono ile. Niliweka mfuko chini.

"Iandike pembeni, Sista," nikasema. "Kama haina mahali, andika pembeni, na saa uandike. Halafu kampime Fundi sasa hivi, kabla ya jioni. Kesho utupime mchana, sote."

Sista alifuta macho kwa kiwiko, akaandika. Alitoka akaenda kugonga chumba cha pili, na mlango wangu akauacha wazi vilevile, labda alisahau, labda alitaka nibadili mawazo. Bosi alikuwa analia kile kilio cha zamani, cha kukwama. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha lenye misumari. Mlango ulikuwa umesimama huko ukumbini, na upande wangu haukuwa na kitasa cha kushika.

"Baba Bosi," nikamwambia. "Nisukumie mlango."

Hakusogea.

"Mimi siwezi kuufunga. Tafadhali."

Alimhamishia mtoto bega la pili, akauweka mkono kwenye mlango, akausukuma.